Klarineti kwa Anayeanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya vijana na wazazi wanaokuja Jumamosi jioni chini ya mwarobaini tunapofanyia mazoezi, hapa Dodoma mjini. Nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa, na nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale. Yote yanahusu klarineti ya B flati yenye mpangilio wa funguo uitwao mfumo wa Boehm, maana ndiyo anayoanza nayo karibu kila mtu. Utaona narudia neno pumzi mara nyingi. Nafanya hivyo makusudi, kwa sababu mtu akija kulalamikia vidole, mara nyingi tatizo nalikuta kwenye pumzi.

Klarineti ni tarumbeta, ni zumari, au ni nini?

Kwetu kila kinachopulizwa huitwa tarumbeta, na bendi nzima ya kanisani huitwa matarumbeta. Lakini tarumbeta ni ya shaba, na sauti yake huanzia kwenye midomo ya mpigaji inayotetemeka. Sauti ya klarineti huanzia kwenye ridi, kile kijibao chembamba cha tete kinachofungwa kwenye mausipisi, yaani kile kipande kinachoingia mdomoni. Zumari ya pwani ina undugu nayo wa karibu zaidi, ila zumari ina ndimi mbili zinazogongana na klarineti ina ulimi mmoja. Tena tundu la zumari linapanuka kadiri linavyoshuka, wakati la klarineti lina upana uleule karibu urefu wake wote. Shika neno hilo la upana, tutalihitaji tukifika kwenye sauti za juu.

Johann Christoph Denner, fundi wa Nuremberg, Ujerumani, ndiye anayetajwa kuitoa kwenye chombo cha zamani kiitwacho chalumeau, mwanzoni mwa miaka ya 1700. Mpangilio wa funguo tunaoutumia leo, huo wa Boehm, uliandaliwa Ufaransa na mpigaji Hyacinthe Klosé pamoja na fundi Louis-Auguste Buffet, wakaupatia hataza mwaka 1844.

Ni kweli inatengenezwa kwa mpingo wetu?

Kweli kabisa. Klarineti nzuri za mbao, popote zinapotengenezwa, nyingi ni za mpingo, na mpingo ni mti wa taifa letu. Ni mzito kiasi kwamba ukitupa kipande majini kinazama. Unakua polepole mno: anayepanda leo anawapandia wajukuu. Unaota hata kwenye nyika kavu kama zetu, lakini mbao za biashara hutoka zaidi kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma. Wilayani Kilwa mwaka 2009 misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa la misitu, cha uvunaji endelevu, na ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Mwanafunzi akishika klarineti ya mbao kwa mara ya kwanza huwa namwambia haya kabla hajapuliza. Nataka ajue ameshika nini.

Basi si bora nianze na ya mbao?

Hapana, kwa Dodoma anza na ya plastiki ngumu, kama Yamaha YCL-255 au nyingine ya aina hiyo. Hewa yetu ni kavu. Kuanzia Mei mvua imekwisha, na hadi Novemba tunakula upepo na vumbi. Mbao ikikauka inasinyaa. Ukiipuliza asubuhi ya baridi ya Julai, ndani inapata joto na unyevu wa pumzi huku nje ikiwa bado baridi na kavu. Ndani inataka kutanuka, nje inagoma, na mbao inapasuka.

Yangu ya kwanza ya mbao ilipasuka hivyohivyo. Tulikuwa na ibada ya alfajiri nje, nikaitoa kwenye sanduku na kupuliza moja kwa moja bila kuipasha joto mikononi. Ufa ulianzia kwenye tundu la juu ukashuka kama unywele. Fundi aliuziba, lakini sauti ya mwanzo haikurudi, na hadi leo nikikumbuka naumia.

Kama tayari unayo ya mbao, usiiuze. Weka sandukuni kisanduku cha sabuni chenye matundu, ndani yake sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri. Wengine huweka ganda la chungwa, lakini linaota ukungu. Usiiache ndani ya gari juani hata dakika kumi, na asubuhi ya baridi ikumbatie kwanza, kipande cha juu kabisa, mpaka kiwe vuguvugu.

Nikipata ya mtumba niangalie nini?

Kwanza hakikisha ni B flati. Zipo za A, za C na ndogo za E flati, na anayeuza huenda hajui tofauti. Pili, mfumo: ya Boehm ya kawaida ina funguo 17 na pete 6. Za mifumo ya kizamani ni nafuu, lakini hutapata wa kukufundisha. Tatu, padi, vile vifuniko laini vilivyo chini ya funguo. Ziba matundu yote ya kipande cha juu kwa vidole, ziba chini kwa kiganja, kisha fyonza hewa kwa juu. Ikikaza kama chupa, padi ni nzima. Ikipitisha hewa, hesabu gharama za fundi kabla ya kukubali bei.

Mwalimu, mwanangu ana miaka saba. Aanze?

Mama, mwache kidogo. Mpe filimbi ya plastiki ya shule kwa sasa. Klarineti inataka meno ya mbele ya ukubwani yawe yameota, na vidole viwe vinene kiasi cha kuziba matundu. Kwa watoto wengi hilo hufika miaka tisa au kumi. Mtu mzima hana kikomo. Nina mwanafunzi aliyestaafu utumishi, wajukuu wanamwita babu, na pumzi yake ni ndefu kuliko ya vijana.

Naiunganishaje bila kuivunja?

Vipande ni vitano: mausipisi, bareli, kipande cha juu, kipande cha chini, na faneli mwishoni. Kwenye viungio kuna utepe wa gome, lilelile la vizibo vya chupa za mvinyo. Upake grisi yake kidogo. Mafuta ya mgando mimi nayaepuka.

Anza chini: faneli kwenye kipande cha chini. Kisha chukua kipande cha juu kwa mkono wa kushoto na ubonyeze pete zake. Hapo kidaraja kinachounganisha vipande viwili kitainuka. Zungusha polepole, huku na huku, usisukume kama unayekita mwiko kwenye ugali. Kidaraja kikipinda, nusu ya sauti zako hazitatoka. Bareli inafuata, mausipisi mwisho. Upande bapa wa mausipisi utazame nyuma, sambamba na tundu la kidole gumba.

Mikono inakaaje?

Hapa nitakaa, kwa sababu makosa ya wiki ya kwanza hukaa mwilini miaka.

Mkono wa kushoto ni wa juu, wa kulia ni wa chini, hata kama unatumia kushoto kuandika. Uzito wote, zaidi kidogo ya robo tatu ya kilo, unabebwa na kidole gumba cha kulia. Nyuma kuna kiegemeo. Kikae pembeni mwa gumba, kati ya ukucha na kiungo cha kwanza, kisiingie ndani kwenye shina la kidole. Ukikiingiza ndani, vidole vingine vinakosa nafasi.

Gumba la kushoto lina kazi mbili: kuziba tundu la nyuma na kubonyeza ufunguo wa rejista, unaopandisha sauti, ulio juu yake. Lilaze mshazari, kama mshale mfupi wa saa unavyoelekea saa nane mchana. Ukiligeuza kidogo tu, ncha yake inagusa ufunguo bila kuachia tundu. Ukilisimamisha wima utakuwa unaruka, na kila ukiruka unaachia hewa.

Sasa vidole. Fikiria unavyofinyanga tonge la ugali kiganjani: vidole vinapinda wenyewe, vimelegea, hakuna kilichokakamaa. Vipeleke hivyohivyo kwenye klarineti. Ziba tundu kwa ile nyama laini ya kidole, usitumie ncha karibu na ukucha. Bonyeza sekunde tano, kisha tazama vidole vyako. Kila kimoja kiwe na alama ya duara kamili. Duara likikatika upande mmoja, ndipo hewa inapotoroka. Vidole vilivyo huru vielee juu ya matundu yake, kimo cha kama sentimita mbili, visikimbilie hewani wala kujificha chini ya funguo.

Kaa au simama wima. Lete klarineti mdomoni, usiinamishe kichwa kuifuata. Isiwe mlalo kama filimbi, isibane tumboni; iachane na mwili kwa nyuzi kama 30 hadi 40, faneli ikitazama juu ya magoti. Mtoto mdogo anaweza kuegemeza faneli katikati ya magoti. Gumba likiuma, pumzika. Kamba ya shingoni inasaidia sana na si aibu kuitumia.

Na mdomo?

Mdomo wa chini ujikunje kidogo juu ya meno ya chini, uwe godoro la ridi. Usiukunje wote, nusu ya ule wekundu ibaki nje. Meno ya juu yakae moja kwa moja juu ya mausipisi, kama sentimita moja kutoka nchani. Funga pembe za mdomo kuizunguka kama mfuko unaokazwa kwa kamba. Kidevu kinyooke. Mashavu yasivimbe. Wapuliza zumari huvimbisha mashavu na kwao ni sawa, kwa sababu huingiza ridi yote kinywani, huku hapana.

Jifunze kwanza kwa mausipisi na bareli tu, bila chombo kingine. Puliza mpaka upate sauti moja iliyotulia. Kama kuna kinanda karibu, ilinganishe: inapaswa kuwa F sharpi. Ikiwa chini, umelegea. Ikiwa juu, unang'ata. Wanafunzi wangu nawaweka hapo wiki nzima. Wanachoka na wazazi wananiuliza mbona mtoto hajashika chombo chenyewe, lakini wanaovumilia wiki hiyo sitawafundisha mdomo tena.

Nimeambiwa nipulize kwa nguvu, mbona sauti haitoki?

Nguvu na kasi si kitu kimoja. Unapochochea jiko la mkaa uliokataa kuwaka, huvimbishi mashavu na kumwaga hewa yote kwa pamoja. Unakaza midomo, unatoa mkondo mwembamba, wa kasi, usiokatika, na hewa inatoka chini kabisa tumboni. Ndiyo pumzi ya klarineti. Vuta hewa kwa pembe za mdomo, usiinue mabega, kiuno kipanuke pande zote. Kisha toa kana kwamba unataka kaa la mwisho kabisa liwe jekundu.

Sauti huanzishwa na ulimi, haianzishwi na koo. Ncha ya ulimi iguse ncha ya ridi kwa wepesi, kama unasema "tu". Pumzi haisimami. Ulimi unaikatakata tu.

Ridi gani, na mbona zangu zinakufa haraka?

Anza na namba 2, au 2 na nusu. Namba kubwa ni ugumu, si ubora. Ridi hukatwa kwenye tete la aina ya Arundo donax, na mengi ya yanayosifika hulimwa Var, kusini mwa Ufaransa, karibu na bahari. Ikifika Dodoma mwezi wa Agosti inakutana na hewa isiyoijua: ncha inajikunjakunja kama ukingo wa karatasi iliyolowa ikakauka. Usiitupe. Iloweshe kwenye maji safi dakika moja mbili, ilaze kwenye kioo, ipapase mpaka inyooke.

Ukiifunga, tangulia kuweka kibano kinachoishikilia kwenye mausipisi, kisha ingiza ridi chini yake kutoka juu, ili usiigonge ncha. Ncha ya ridi ilingane na ncha ya mausipisi, uone kimstari cheusi chembamba tu. Miliki ridi tatu au nne na uzipokeze siku kwa siku. Ukiishi na moja tu, itakufa usiku wa kuamkia sikukuu, na ya kuagiza Dar es Salaam haitafika kwa wakati. Na usiazimane ridi. Hata na ndugu yako.

Inalia kama bata. Kwa nini?

Karibu kila mara ni moja ya haya: kidole hakijaziba tundu, upande wa kiganja cha kulia au cha kushoto umegusa ufunguo wa pembeni bila wewe kujua, unang'ata, au ridi imevunjika ncha. Tafuta kwa mpangilio huo. Na usiache kupuliza kwa woga wa mlio, maana pumzi ikiogopa ndipo mlio unazidi.

Nianze na nota zipi?

Bila kuziba chochote unapata G. Gumba la kushoto peke yake ni F. Ongeza kidole cha shahada: E. Cha kati: D. Cha pete: C. Kwa nota hizi tatu za mwisho tayari una mi, re, do, na ukikumbuka nyimbo za watoto ulizoimba utaona ngapi zinapigika nazo. Baki hapo hadi C itoke laini kama E. Ndipo uteremke mkono wa kulia: vidole viwili vya kwanza vinakupa A, vitatu G, na kidole kidogo kwenye ufunguo wake F.

Nimebonyeza ufunguo wa rejista nikitegemea C ya juu, imetoka G. Imeharibika?

Haijaharibika. Kumbuka lile neno la upana. Bomba lenye upana mmoja, lililozibwa upande mmoja na mdomo wako, haliruki oktava. Linaruka sauti kumi na mbili. Kwa hiyo C ikibonyezewa rejista inakuwa G ya juu, na E ya chini kabisa inakuwa B. Filimbi haziko hivyo, ndiyo maana waliotoka kwenye filimbi huchanganyikiwa.

Pagumu ni pale pa kuvuka, kutoka A ya katikati inayopigwa kwa kidole kimoja kwenda B inayotaka karibu vidole vyote kwa pamoja. Siri yake ni hii: ukiwa bado kwenye A, tangulia kuviweka vidole vya mkono wa kulia kwenye matundu yake. A haitaharibika kwa kiasi cha kukutia wasiwasi, na safari ya kwenda B itabaki ya mkono wa kushoto tu.

Mbona napiga C na mpiga kinanda anasema ninakosea?

Kwa sababu C yako kwake ni B flati. Klarineti hii husikika toni moja chini ya inavyoandikwa. Kinanda kikiwa F, wewe uko G. Kikiwa C, wewe D. Kikiwa E flati, wewe F. Sisi tuliokulia kwenye kwaya za solfa tuna bahati hapa: do inahama, mi inabaki mi. Tafuta do yako mahali papya na uimbe kichwani unapopiga.

Ukiona bado mnapishana kidogo, ni joto. Jua la saa tisa alasiri linapandisha sauti ya klarineti, basi vuta bareli milimita moja. Baridi inaishusha, basi ipashe moto kwanza.

Ninaishi chumba cha kupanga. Majirani je?

Wasalimie, waombe, panga muda. Dakika ishirini za jioni zinazojulikana zinavumilika kuliko saa moja ya ghafla. Pisha adhana, pisha mtoto mchanga aliyelala. Dodoma ina neema ya mibuyu na viwanja vya wazi nje kidogo ya mji, na kupuliza nje kunakufundisha kutojidanganya, kwa sababu hakuna ukuta wa kukurudishia sauti. Jihadhari tu na vumbi.

Usafi?

Suuza kinywa kabla ya kupuliza, hasa kama umekula zabibu au umekunywa soda. Sukari inagandisha padi. Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye kamba ndani ya vipande vyote, toa ridi, uipanguse, uirudishe kwenye kikasha chake. Mausipisi uoshe kila wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Maji ya moto yanaiharibu. Kwa vumbi la kati ya funguo tumia brashi laini ya rangi, na klarineti isilale nje ya sanduku.

Naweza kupiga nyimbo za Kigogo kwa klarineti?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Unaweza, ila sikio litangulie. Zeze na ilimba (marimba ya vidole gumba) vya Wagogo, kama alivyovipiga Hukwe Zawose aliyezaliwa mwaka 1938 hapa mkoani na kufariki 2003, vinafuata sauti za asili zinazotoka kwenye uzi mmoja. Uzi ukiwa C, ile sauti ya saba ya asili iko chini ya B flati ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Ukiipiga kama kinanda kinavyotaka, mzee wa Chamwino atakunja uso. Legeza taya kidogo, sauti itashuka. Klarineti inakubali kushushwa hivyo, kinanda hakiwezi. Sikiliza kwanza akina mama wa ngoma ya muheme wanavyoitikia, imba nao, kisha ndipo utafute vidole.

Lini nitakaa na bendi?

Ukiweza kushika nota moja kwa hesabu nane za taratibu bila kuyumba, ukapiga ngazi ya G oktava moja kupanda na kushuka, na ukapotea katikati ya wimbo ukajua pa kurudia bila kuwasimamisha wenzako. Kwa anayefanya mazoezi kila siku ni miezi sita hivi, wengine mwaka. Siku hiyo njoo na ridi mbili, penseli, na kitambaa chako. Utakaa kiti cha tatu, karibu na mwenye uzoefu, na utapiga kwa sauti ya chini kuliko yake mpaka mwisho wa ibada.